Bata Haendi Kokote

Ukitaka kumuudhi Bi Honi, mwite Bata chuma. Mwambie Bata ni mkuukuu, atacheka. Mwambie anayumba kama mlevi anayetafuta funguo, atakubali, maana ndiyo sababu watu wa gatini waliipa meli ile ndogo jina la Bata, na jina lake halisi lililoandikwa ubavuni likaliwa na kutu bila mtu kuliulizia. Lakini chuma? Thubutu. Hapo utajua kwa nini yeye naye anaitwa Bi Honi.

Aliyethubutu ni shemeji yake. Tena alithubutu mbele ya ukoo mzima, sebuleni kwa Bi Honi mwenyewe, kikombe cha chai ya Bi Honi mkononi.

"Shemeji, tusizungukane. Kile ni chuma. Tangu barabara ya kuzunguka ziwa ipigwe lami, mizigo imehamia kwenye malori na watu wamehamia kwenye mabasi. Marehemu kaka alikuwa nahodha hodari, hakuna anayebisha, lakini hayupo. Mimi nina watu wa vyuma chakavu. Wako tayari kuja na mitungi yao ya gesi wakate, wabebe, tugawane, tumalize."

Shemeji huyo alikuwa na duka la mabati na misumari, na kila kitu duniani alikipima kwa mizani ya dukani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Hata kwenye msiba wa kaka yake, yeye ndiye aliyeanza kukunja mikeka watu wangali wameikalia.

Bi Honi aliweka birika chini. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa Bata miaka yote mumewe alipokuwa nahodha, ndani ya jiko ambalo watu wawili hawakuweza kupishana mpaka mmoja avute tumbo. Mle alilea, alinyonyesha, aliungua, aliimba. Sasa binti yake mwenyewe alikuwa na cheti cha unahodha na hana chombo cha kuongoza.

"Bata hakatwi," akasema. "Bata atabeba watu."

"Watu gani? Wanakwenda wapi?"

"Hawaendi kokote."

Watu wakatazamana juu ya vikombe vyao.

"Watapanda hapa gatini asubuhi," Bi Honi akaendelea. "Tutapita visiwani, tutafika ng'ambo, tutageuka. Watakunywa chai sitahani, watatazama maji, anayetaka kulala vitanda vipo. Mambo yakikubali tutafanya safari za siku kadhaa, ziwa zima, watu walale humo humo. Halafu tunawarudisha."

"Wapi?"

"Hapahapa."

"Hapahapa walipopandia?"

"Mbona unaniuliza kama askari? Hapahapa."

Ukoo uliangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni wifi mkubwa, mwanamke mnene mwenye huruma na mdomo usio na breki, mpaka chai ikampalia akapigwa mgongoni. "Yaani mtu anyooshe nguo, aage watoto, afunge nyumba, aende... alikotoka! Wifi, hiyo si safari, hiyo ni kusahau kitu nyumbani!"

"Shangazi, kuna nchi watu wanafanya hivyo," binti akajaribu. "Meli ndogo, watu wachache, wanazunguka maziwa..."

"Wanazunguka bahari," shemeji akamkata. "Bahari ni bahari, mwanangu. Hili ni ziwa."

"Shemeji," akasema Bi Honi, "ukisimama gatini unaiona ng'ambo?"

"Siioni."

"Na ukisimama baharini unaiona ng'ambo?"

"Siioni."

"Basi bahari imetuzidi nini? Chumvi?"

Safari hii kicheko kilimgeukia shemeji, naye hakukipenda. Akasimama, akanyoosha shati.

"Haya. Kila mtu asikie. Safari moja. Ukipata watu wa kujaza Bata, wakapanda, wakaenda huko wasikokwenda, wakarudi wote pale walipopandia, basi mimi sitagusa hata parafujo. Lakini wakishuka ng'ambo kama abiria wengine wowote, umejijibu mwenyewe. Watu wa gesi wanaingia kazini."

"Nawe utapanda," akasema Bi Honi.

"Mimi? Niende wapi?"

"Ndiyo maana yake."

Kiburi cha Bi Honi hakikutoka hewani. Zamani za nahodha, fundi cherehani mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko alikuwa akipanda Bata kila mwezi. Ukimuuliza, anakwenda ng'ambo kwa wakwe, na kweli alikuwa na kifurushi kimefungwa vizuri kwa uzi. Lakini Bi Honi ndiye aliyekuwa akimpelekea chai, akaona jambo. Wakifika ng'ambo, watu wanashuka, fundi hashuki. Anahama tu upande, kutoka kivulini kwenda juani, anangoja meli igeuke. Na kifurushi ni kilekile.

Bi Honi alipenda vitendawili kama wengine wanavyopenda sukari. Siku moja akamsogelea. "Kitendawili!"

"Tega."

"Wakwe zangu nawatembelea kila mwezi, na hawajawahi kuniona."

Fundi alitazama kifurushi chake, akatazama maji, akacheka cheko la aibu. "Bibi, usinitangaze. Humu ni mabaki ya vitambaa tu. Nikikaa hapa kutwa, ile kelele ya cherehani inanitoka kichwani. Lakini nyumbani nitasemaje? Kwamba nakwenda kutazama maji? Wataniletea mganga."

Bi Honi hakumtangaza. Ila tangu siku hiyo alianza kuchungulia, akagundua fundi hakuwa peke yake.

Walimkarabati Bata wao, Bi Honi na binti na fundi wa injini, mzee mkimya ambaye mikono yake haikuwahi kuwa na rangi nyingine isipokuwa ya grisi. Walikwangua kutu mpaka meno yakauma kwa ule mkwaruzo. Walipaka rangi nyeupe juu na bluu chini. Walianika magodoro ya vyumbani, wakafua mapazia, wakang'arisha vioo. Mkaguzi wa vyombo alikuja na nyundo yake ndogo, akagongagonga ubavu kama daktari, akajaribu pampu, akakagua majaketi ya kujiokolea moja moja, akasema chombo kinaelea na kitaendelea kuelea, wasijaze tu kupita kiasi. Fundi cherehani naye akapewa kazi ya kueneza habari, kwa kuwa kila nguo ya mji ule ilipita mikononi mwake, na kila mwenye nguo alikuwa na masikio.

Asubuhi ya safari watu walikuja. Shida haikuwa watu. Shida ilikuwa walichokuja nacho.

Mwanamume mmoja alifika na mkokoteni wa magunia ya vitunguu. Mama mmoja alikuwa na kuku waliofungwa miguu, wanalalamika kichwa chini. Mwalimu mstaafu, mtu wa miwani na heshima zake, alikuja amebeba mlango. Mlango mzima, na bawaba zake. Na nyuma ya wote, wifi mkubwa, aliyecheka mpaka akapaliwa, alikuja akimhimiza mchukuzi aliyejitwika godoro.

Bi Honi alisimama juu ya ubao wa kupandia, mikono kiunoni.

"Jamani! Tuliambizana vipi? Bata haendi kokote! Mwalimu, huo mlango unaupeleka wapi?"

"Ng'ambo," mwalimu akasema, akirekebisha miwani. "Kuna nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Ya mtu."

"Wifi, na godoro?"

"La mwanangu aliyeolewa kule. Kwani vipi? Nitoke nyumbani mikono mitupu, majirani wanione napanda meli bila kitu, waseme nimepungukiwa?"

Kwenye ziwa lile hakuna mtu aliyewahi kukanyaga chombo bila mzigo. Meli ilikuwa ni mzigo na mwenye mzigo. Tangazo lilisema matembezi, watu walisikia matembezi, kisha miguu yao yenyewe ikaenda stoo kutafuta cha kubeba.

Shemeji alifika mwisho, ndani ya shati lake la harusini. Akaangalia vitunguu, kuku, mlango, godoro. Uso ukamchanua.

"Shemeji yangu, hongera. Umefufua meli ya mizigo. Hawa wote wanashuka ng'ambo, na mimi sijasema neno."

Bi Honi alihesabu mizigo, akaona hesabu inampa shemeji haki. Lakini mdomo wake haukuwa na habari na hesabu. "Pandisheni!" akapaza sauti. "Mlango mlazeni, kuku nyuma, godoro wekeni pale pale sitahani. Na wewe, shemeji, angalia hilo shati, rangi haijakauka vizuri."

Ilikuwa imekauka. Lakini shemeji alisimama wima bila kuegemea kitu kwa muda mrefu sana.

Bata aliondoka akiyumba. Binti kwenye usukani alikuwa ameuma midomo kama baba yake. Mji ukawa mdogo, ukawa mstari, ukafutika. Maji yalikuwa ya kijivu, kisha ya kijani, kisha walipopita visiwani yakawa na rangi ambayo kila mtu aliitaja kwa jina tofauti wakabishana. Ndege weupe waliruka kutoka kwenye mwamba mmoja wote pamoja, kama shuka linalokung'utwa. Hakuna aliyekuwa ameuona mwamba ule, ingawa wote walizaliwa kando ya ziwa. Zamani walipopita hapa walikuwa wamekalia magunia yao, wanalinda.

Bi Honi alipita na sinia la chai. "Kitendawili!"

"Tega!" wakajibu, hata wasiojuana.

"Nyumba yangu haina msingi, na haijawahi kuanguka."

"Meli!" akapayuka mama wa kuku.

"Huyo mpeni kikombe kikubwa."

Wifi mkubwa alikuwa tayari amelifungua godoro lake, eti lipate hewa, akalikalia, kisha akalilalia. Bi Honi alimwona akitazama mbingu, mdomo umefungwa. Hakuwa ameuona mdomo ule umefungwa tangu wamefahamiana.

Lakini shemeji hakukaa bure. Alipita kwa mmoja mmoja, sauti ya upole, kama mtu anayeulizia hali. "Unajua kwamba meli hii haisimami ng'ambo? Vitunguu vyako vinarudi nyumbani. Mwalimu, mlango wako unatembezwa tu, umeshaambiwa? Dada, mwanao anangoja godoro, sivyo?" Na kila aliyeulizwa alishtuka, kwa kuwa ameulizwa mbele ya watu, na mbele ya watu mtu lazima awe na anakokwenda.

Gati la ng'ambo lilipoonekana, fujo ikaanza.

"Tunashuka!" akasema mwenye vitunguu.

"Hata mimi nashuka," akasema mwalimu.

"Tushusheni!" wakaitikia nyuma. "Mtu ana mzigo wake bwana!"

Bi Honi alipanda ngazi mpaka kwenye usukani. Binti alikuwa ameshaanza kugeuza.

"Simamisha, mwanangu. Funga gati."

"Mama! Ukifunga, wakashuka, umekwisha. Baba mdogo anangoja hilo tu. Tukigeuka sasa hivi hakuna wa kushuka, watashukia wapi?"

"Ndiyo maana nasema funga. Sitaki abiria aliyebaki na mimi kwa sababu pembeni ni maji."

Bata akaegeshwa. Fundi wa injini akafunga kamba, akashusha ubao. Bi Honi akasimama kando ya ubao huo, na sauti yake ikafika mpaka kwa wauza samaki walioko juu ya gati.

"Haya! Ng'ambo hiyo! Anayeshuka ashuke na mzigo wake, hatudaiani. Anayebaki anarudi nilikomtoa. Sitamshika mtu mkono wala sitamsukuma."

Mwenye vitunguu alishuka. Alishuka kwa furaha kabisa, maana mteja wake alikuwa pale pale, ameshaleta mkokoteni. Gunia la kwanza, la pili, mpaka yakaisha. Akampungia Bi Honi mkono, "Asante mama, chai nzuri!" akapotelea kati ya watu.

Shemeji alijipanga pembeni, mikono nyuma, anangoja wengine.

Wengine hawakutokea.

Mama wa kuku alikuwa anawanywesha kuku maji. Mwalimu mstaafu alitazama mlango wake, akatazama ubao, akasema bila kumlenga mtu, "Sidhani kama fundi wa nyumba atakuwepo leo." Wifi mkubwa aligeukia upande wa pili wa godoro.

"Dada," shemeji akamwita, "mwanao!"

"Ana godoro," wifi mkubwa akajibu, macho yamefumbwa. "Nilimpa mwaka jana."

"Sasa hili la nini?"

"Nimelala, bwana. Usinisumbue."

Bi Honi akamtafuta fundi cherehani kwa macho. Alikuwa amehama kutoka kivulini kwenda juani, kama zamani, mikono yake imepumzika juu ya kifurushi.

"Bibi, mbona ulihangaika hivyo asubuhi?" akasema kwa sauti ya chini. "Wewe si uliwahi kukiona hiki kifurushi? Leo kila mtu kaja na chake."

Hapo ndipo Bi Honi alipoelewa, na alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, lakini akaamua kwanza aondoe ubao. Akauvuta mwenyewe.

"Mmoja kashuka," sauti ya shemeji ikasema nyuma yake.

"Nimemwona."

"Nilisema warudi wote. Ukoo mzima ulisikia. Sikusema wengi. Sikusema karibu wote."

"Nimesikia, shemeji. Kunywa chai."

Safari ya kurudi, watu walikuwa wengine. Hakuna aliyekuwa na pa kufika, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka. Mwalimu aliusimamisha mlango wake kuzuia upepo, akina mama wakakaa nyuma yake kama wako kibarazani. Walitegana vitendawili mpaka wakaanza kuvitunga vya uongo. Walimuuliza binti maswali ya dira, wakauliza safari ya siku nyingi ni lini, na vyumba vina feni. Bi Honi aliwajibu wote, huku moyoni akigeuzageuza lile neno moja, *wote*, alitafutie upenyo. Shemeji alikuwa mtu wa mizani. Angelisimamia neno lake mpaka gramu ya mwisho.

Jua lilikuwa bado juu ya paa za maghala walipoliona gati la nyumbani. Na juu ya gati walikuwa wamesimama wanaume wa ovaroli, mitungi ya gesi miguuni, mipira imekunjwa mabegani. Mmoja alikuwa anampima Bata kwa jicho tangu akiwa mbali, kichwa kimeinama upande, kama mchinjaji anavyoangalia ng'ombe anayeletwa.

Watu wa sitahani wakasogea ukingoni kuwaangalia.

"Umewaita leo?" Bi Honi akauliza.

"Wamekuja kuangalia tu pa kuanzia," shemeji akasema, na kwa haki yake, hakumtazama usoni. "Usinione mbaya, shemeji. Neno ni neno. Rusheni kamba!"

Fundi wa injini hakuirusha. Alimtazama Bi Honi. Binti kule juu naye alitazama chini. Bata alikuwa ameshagusa matairi ya gati, anajikwaruza taratibu.

Bi Honi alimpokonya fundi kamba, ncha yake ikaangukia majini.

"Ulisema warudi wote," akasema, na sasa sauti ilikuwa ile yenyewe, ya kutikisa vikombe.

"Nilisema."

"Hapahapa walipopandia."

"Ndiyo."

"Na mmoja hajarudi."

"Hajarudi! Ndiyo ninachokwambia..."

"Basi safari haijaisha. Nani kakwambia imeisha? Mimi niliahidi kuwarudisha wote, na mmoja yuko ng'ambo na vitunguu vyake. Siwezi kumwacha mtu wa watu huko. Tunamfuata."

"Na akikataa kurudi?"

"Tutamngoja."

"Akikaa wiki?"

"Vitanda vipo. Nilikwambia vitanda vipo, ukacheka." Akawageukia watu. "Jamani, aliye na haraka ni hapa, ashuke salama, huyo kesharudi, ahadi yake imetimia. Anayebaki, tunaondoka. Fundi, mafuta?"

"Yapo," akasema fundi wa injini. Kwa siku ile lilikuwa neno lake la kwanza.

Mama wa kuku alishuka, ana watoto nyumbani, akawaacha kuku wawili nyuma, akasema ni wa mchuzi wa wanaobaki. Kijana mmoja na mchumba wake walishuka, wakasimama gatini, wakanong'onezana, wakapanda tena. Mwalimu hakusogea. Wifi mkubwa aliinuka kwenye godoro lake, akasimama ukingoni, akawaambia wale wa ovaroli kwamba kama wana nguvu nyingi hivyo waende wakaikate ile lami.

"Mwanangu!" Bi Honi akaita juu. "Ng'oa!"

Injini ikanguruma. Maji yakachemka nyuma ya Bata.

"Shemeji, acha utoto!" shemeji akapiga kelele. "Mimi nina duka! Nishusheni!"

"Hatujakufunga. Gati hilo hapo."

Kweli lilikuwepo. Nafasi ilikuwa bado ndogo, hatua moja ya mtu mzima, hata mwenye shati la harusini angeivuka bila kujikunja. Shemeji aliitazama. Akainua mguu. Akautazama mguu wenyewe, uko juu ya maji, kisha akautazama ule upana wa ziwa mbele, ambako hakukuwa na duka, wala mizani, wala jambo la kumaliza. Akaushusha mguu sitahani.

"Ningojeni!" akawaambia watu wa gesi, mkono mdomoni.

"Mpaka lini?" mkubwa wao akauliza.

Shemeji aligeuka kumtafuta Bi Honi amsaidie jibu. Bi Honi hakumsaidia. Alikuwa anaivuta kamba kutoka majini, pindi kwa pindi, mikono imelowa mpaka viwikoni, na ile nafasi kati ya Bata na gati hakuna tena mtu ambaye angeweza kuiruka.